Kijana wako anaonewa shuleni? Mimi niliitwa "Kwakwa"

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako wa kidato cha pili, anayerudi na shati lisilo na vifungo na kukwambia ameanguka: umesema mumeo anataka afundishwe ngumi, wewe unataka kumhamisha shule. Pole sana. Mimi nimekulia Ngamiani, hapa hapa Tanga, na nimepita humo humo.

Nilikuwa na kigugumizi. Bado ninacho, ila tumeshazoeana. Vijana wanne walikuwa wakinisubiri njiani tukitoka shule, wananishikia baiskeli: "Sema Mkwakwani, tukuachie." Wenyeji mnaujua uwanja wetu wa mpira, kwa mwenye kigugumizi jina lile halina mwisho. Wakishiba kucheka wanatoa upepo tairi zote mbili, naikokota baiskeli mpaka nyumbani juani. Jina langu likawa Kwakwa. Hata wasiojua lilikotoka waliniita hivyo.

Baba alinipa dawa ile ile ya mumeo. "Wewe si mwanamume? Mpige mmoja." Nikampiga. Aliyechapwa viboko mstarini ni mimi, maana mwalimu aliiona ngumi yangu, hakuiona miezi mitatu iliyotangulia. Tangu siku hiyo baba sikumwambia kitu tena. Dan Olweus, mtaalamu aliyeanza kuuchunguza uonevu huko Skandinavia miaka ya 1970, aliutofautisha na ugomvi wa kawaida: unafanywa kwa makusudi, unarudiwa, na anayeonewa amezidiwa nguvu. Sasa aliyezidiwa ukimwambia apigane, umemsaidia nini?

Aliyegundua ni bibi mzaa mama, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi barazani. Hakunihoji. Aliniita nimkunie nazi, na nikiwa nimeshakaa juu ya mbuzi akauliza kama anayeulizia bei ya samaki: "Hivi hiyo pancha ya kila siku, mbona mpira hauna hata kiraka kimoja?" Nazi mbili ziliisha bado nasema. Nadhani ilisaidia kwamba hatukuwa tunatazamana. Wala hakwenda shule kupiga kelele. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mteja wake wa asubuhi, akamnong'oneza wakati anamfungia mahamri yake.

Lakini mwalimu hafiki njiani. Kilichomaliza mambo ni mwenzangu wa darasani, mtoto wa Pangani aliyekuwa akiishi kwa mjomba wake na hana baiskeli. Bibi ndiye aliyesema, "Mpakie huyo, si njia yenu moja?" Siku ya kwanza tuliyozuiwa, "sema Mkwakwani" ilipoanza, yeye akajibu kutoka kwenye keria: "Mkwakwani! Haya mmeshaambiwa, mnataka na tiketi?" Mmoja wa wale wanne akaangua kicheko, na safari hii hakunicheka mimi. Walijaribu tena mara mbili tatu, wakachoka.

Ukubwani nilisoma utafiti wa Kanada uliochapishwa 2001. Watoto wa shule za msingi za Toronto walirekodiwa wakicheza: matukio mengi ya uonevu yalikuwa na watazamaji, na wachache tu waliingilia. Lakini pale mtoto mwenzao alipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Nikamkumbuka yule wa kwenye keria.

Kumhamisha sikukatazi, zipo shule ambazo kuondoka ndiyo akili. Ila kule atafika mgeni na peke yake, na wababe wa kila shule humtafuta aliye peke yake. Kama maneno yamehamia kwenye kundi la WhatsApp, zihifadhi zile jumbe, lakini usimnyang'anye simu, atakuficha yanayofuata. Akiumizwa au akiporwa, hilo si la kunong'ona tena: nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Mumeo mwambie aweke ngumi zake kando kwanza. Leo jioni mpe kijana kazi ya mikono, ukae naye, usimkodolee macho. Halafu ujue wakati wa mapumziko anakaa na nani. Akiwepo hata mmoja, mwalike Jumamosi aje ale kwenu.