Ada siyo tatizo, dada

Dada, umeuliza kama tuchangishe ada kwa wale yatima wawili wanaolelewa na bibi yao huko Chamwino, Dodoma. Ada ya shule za serikali ilishafutwa: msingi hadi kidato cha nne tangu 2016, na cha tano na sita tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kinachomtoa mtoto shuleni ni sare, madaftari, mchango wa chakula na umbali. Na Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, kwa hiyo shule inafunguliwa Januari wakati ghala la bibi limeshaisha na mavuno bado. Mtoto anatembea kilomita kadhaa tumbo tupu, mwezi wa pili anaonekana anachunga mbuzi za watu. Kama mna hela, anzeni na mahindi ya Januari hadi Aprili.

Bibi aende kwa mtendaji wa kijiji aulize kama kaya yake imo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kisha amwone afisa ustawi wa jamii.

Jambo linalosahaulika sana ni vyeti vya vifo vya wazazi. Vijijini watu wanazika, matanga yakiisha basi. Miaka kumi baadaye kijana anaomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ili atambulike kuwa yatima, naye hana. Mpwa wangu alihangaika hivyohivyo, karibu akose. Fuatilieni sasa, wakati majirani waliozika bado wapo.