Ghala la shamba kuwa karakana: maswali yenu na majibu

Wengi wenu mmeuliza jambo moja kwa sura tofauti: nyuma ya nyumba kuna ghala, stoo au banda la zamani ambalo halitumiki tena, je, linaweza kuwa karakana ya useremala? Mara nyingi linaweza. Ila karibu kila barua inaanza na mashine ya kununua, na mimi naomba tuanze kwingine. Pesa ya kwanza iende kwenye paa, sakafu na umeme. Mashine inayokaa chini ya bati linalovuja itashika kutu kabla hujaizoea.

Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia ghala la mahindi la mbao hapa Makambako. Halijafunguliwa miaka mingi. Nianzie wapi?

Marahaba, na poleni kwa msiba. Anza kwa kuingia humo siku mvua inanyesha kweli kweli. Usibebe nyundo, beba chaki tu. Kila unapoona tone au ukuta uliolowa, weka alama. Kiangazi kila paa linaonekana zima, na ukisubiri kiangazi ndipo ukague utalipa fundi bati mara mbili.

Kabla ya kufagia, soma hili kwa makini. Ghala lililofungwa muda mrefu lina mkojo na kinyesi cha panya. Mwaka 2022 kule Ruangwa, mkoani Lindi, watu waliugua na wengine wakafariki kwa ugonjwa tulioujua kwa jina la homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Kwa hiyo usifagie pakavu ukatimua vumbi. Fungua milango na madirisha, acha hewa ipite saa kadhaa, kisha nyunyizia sakafu maji yaliyochanganywa na jiki, subiri kidogo, ndipo ukusanye uchafu ukiwa umelowa. Vaa buti, glovu na barakoa. Kama una kidonda mguuni, mwachie mwingine kazi hiyo.

Baada ya hapo, kagua mbao. Wengi hudhani dumuzi ni adui wa mahindi tu. Yule dumuzi mkubwa aliyeingia nchini kupitia Tabora kutoka Amerika ya Kati, ambaye wakulima walimwita Scania, ni wa ukoo wa wadudu wanaotoboa mbao, na hula nguzo za ghala kama anavyokula punje. Chukua bisibisi nyembamba uchome kila nguzo karibu na ardhi na kila mahali boriti zinapokutana. Ikizama bila kusukumwa, mbao hiyo imekwisha, ibadilishe. Ikigoma, safisha unga uliodondoka chini yake, tandika karatasi nyeupe, urudi baada ya wiki kadhaa. Unga mpya juu ya karatasi maana yake mdudu bado yumo, na nguzo inahitaji dawa ya mbao. Karatasi ikibaki safi, hayo ni matundu ya zamani.

Stoo yetu ya kahawa huku Mbozi ina madoa ya bluu ukutani na harufu ya dawa. Ni hatari?

Bluu hiyo huenda ni mrututu au dawa nyingine ya shaba iliyopigiwa kahawa dhidi ya magonjwa ya kutu ya majani na chulebuni. Shaba ukutani si tishio kubwa ilimradi huikwangui kavu. Kinachonipa wasiwasi ni harufu, na vile vifurushi na chupa visivyo na lebo vinavyobaki kwenye kona. Stoo za zamani ziliwahi kuhifadhi sumu kama DDT na dieldrin, ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulizipiga marufuku au kuziwekea masharti makali. Usizifungue, usizichome moto, usizifukie shambani. Zitenge mahali pa kufungwa, watoto wasifike, kisha mtafute bwana shamba akuelekeze namna ya kuzikabidhi. Sakafu ya udongo iliyolowa dawa ichimbwe kwa kina cha jembe kabla ya kumwaga zege, na udongo huo nao usiutupe bustanini. Mwulize huyohuyo bwana shamba upelekwe wapi.

Niko Kitale. Ghala letu lina boriti zinazokatiza katikati, nagonga kichwa na siwezi kugeuza mbao ndefu. Fundi wangu anasema tuzikate. Tuzikate?

Hapana, ndugu yangu. Tafadhali msizikate.

Paa halisukumi chini tu. Mbao mbili za mteremko zinazokutana juu hutaka kupanuka miguuni, na hivyo husukuma vichwa vya kuta kwenda nje. Boriti hiyo ya kulala ndiyo inayozishika zisiachane. Ukiikata, siku ya kwanza hutaona kitu, hata mwezi wa kwanza. Kisha utaona ufa wa mlalo chini kidogo ya paa, mlango utaanza kukwama, na tuta la paa litashuka katikati. Siku ya upepo mkali ndiyo siku ya hasara.

Kama urefu ni lazima, kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zinaweza kubadilishwa kwa muundo mwingine, lakini hiyo ni kazi ya kuchorwa na kupigiwa hesabu na mtu aliyesomea, na paa lishikiliwe kwa nguzo za muda wakati wa kazi. Mara nyingi, hata hivyo, shida halisi huwa urefu wa mbao, na hiyo ina dawa rahisi. Ubao wa futi 12 unaopita kwenye mashine ya randa unahitaji futi 12 kabla ya mashine na futi 12 baada yake. Badala ya kupanua jengo, toboa kidirisha ukutani kwenye usawa wa meza ya mashine, upana wa futi moja na nusu, kimo cha futi moja, na kifuniko cha bawaba chenye komeo la ndani. Ubao unatokea nje, unamaliza kazi, unafunga. Nimeona karakana ya vyumba viwili tu ikitengeneza fremu za milango mizima kwa njia hii. Na boriti mlizoacha kukata zitafaa kuhifadhia mbao chache nyepesi juu yake. Nimesema chache.

Nyumba ina umeme, ghala liko mita 40 kutoka hapo. Niliunga waya wa kawaida, lakini msumeno wa mashine unanguruma bila kuzunguka na taa zinafifia. Mashine ni mbovu? (Mafinga)

Mashine yako ni nzima, waya ndio mwembamba. Naomba nieleze hili taratibu, kwa kuwa mota nyingi huungua kwa kosa hili.

Mota ya nguvu farasi 2 kwenye umeme wa volti 230 hutumia takriban ampea 10 ikiwa inafanya kazi. Lakini wakati wa kuanza, kabla haijashika mwendo, huvuta mara tano au zaidi, tuseme ampea 50. Waya wa shaba wa milimita 1.5, ule wa taa, ukienda mita 40 na kurudi mita 40, una ukinzani wa karibu ohm 1. Ampea 50 zikipita hapo, volti zipatazo 48 zinapotea njiani. Mota inapokea 182 badala ya 230, na kwa kuwa nguvu yake ya kuanzia hushuka kwa mraba wa volti, imebaki na asilimia 63 tu. Haiwezi kuzungusha msumeno. Inanguruma, inapata moto, na ukiiacha hivyo utasikia harufu ya vanishi ya nyaya zake ikiungua.

Kwa waya wa milimita 6 upotevu huo unashuka hadi volti 12 hivi, na mota inaanza bila shida. Bei yake inauma, najua. Lakini linganisha na bei ya kusuka mota upya.

Kwa hiyo vuta kebo moja nene kutoka kwenye bodi kuu, yenye breka yake, ifukiwe kwenye bomba kwa kina cha nusu mita au zaidi, mbali na mahali jembe linapopita. Ndani ya ghala weka bodi ndogo: taa kwenye breka yake, soketi kwenye yake, kila mashine kubwa na yake. Mtu mkono ukiwa kwenye msumeno, breka ikakatika na taa zikazimika pamoja, hapo ndipo vidole hupotea. Weka kikata umeme kinachoonja uvujaji wa miliampea 30, na ethi iliyochimbiwa vizuri, hasa kama jengo ni la bati. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Mwambie akuonyeshe, mafundi wazuri hawakasiriki wakiombwa.

Nina bani la tumbaku Urambo, tumeacha kulima. Linafaa?

Linafaa, ila labda si kwa kazi unayoifikiria. Bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, limejengwa kutunza joto: kuta nene, kimo kirefu, madirisha hakuna, na wakati wa kukausha vikonyo joto la ndani hufika nyuzi 70 hivi. Kuligeuza mahali pa kufanyia kazi kutwa nzima ni kutoboa madirisha mengi kwenye kuta ambazo hazina lenta. Dirisha moja au mawili unaweza, kila moja na lenta yake ya zege, na mbali na pembe za jengo.

Ningekuwa wewe ningeliacha bani liwe chumba cha kukaushia mbao, na karakana ningeipigia paa la kuegemea ubavuni mwake. Kila seremala wa Tabora anajua shida ya mninga mbichi: unatengeneza kabati zuri, mteja anapeleka nyumbani, miezi mitatu baadaye mlango haufungi. Samani za ndani zinataka mbao yenye unyevu wa asilimia 12 hivi. Bani lina matundu ya hewa chini na juu tayari. Panga mbao kwa tabaka, kila tabaka litenganishwe na vipande vyembamba vilivyopangwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu, paka ncha za mbao rangi ili zisipasuke, na acha hewa ifanye kazi. Usiwashe tanuri kama unakausha jani. Mbao nene ikikimbizwa na moto hukauka nje na kubaki mbichi ndani, kisha hupasuka.

Tanuri lenyewe na mabomba yake ya sakafuni, toa chuma chote, jaza mawe na kifusi, shindilia. Sijapenda kuona tundu lililofunikwa kwa ubao tu.

Mama wa Tukuyu hapa. Mwanangu anatumia banda la ng'ombe la zamani. Ukuta unatoa unga mweupe, plasta inabanduka, na randa zake zinashika kutu hata zikipakwa mafuta.

Shikamoo mama. Unga huo ni chumvi zilizotokana na mkojo wa ng'ombe ulionyonywa na tofali kwa miaka. Chumvi hizo huvuta unyevu wa hewa, na huko kwenu unyevu haukosekani. Plasta ya saruji na rangi ya mafuta zinafungia maji ndani, yanasukuma, plasta inadondoka. Mwambie abandue plasta hadi kimo cha kiuno au juu ya doa la mwisho, asugue unga kwa brashi kavu akiwa na barakoa, autupe nje, kisha apige plasta ya chokaa na kupaka chokaa. Itabidi kurudia chokaa kila baada ya muda, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Vifaa visitundikwe ukutani moja kwa moja. Apige fremu ya mbao iliyo mbali na ukuta kwa vidole vinne. Nje, achimbe mfereji ili maji ya paa yasisimame kwenye msingi. Sakafu nayo ivunjwe, iwekwe mawe, changarawe, nailoni nzito, kisha zege la sentimita 10, limwagiliwe maji siku 7.

Paa la ghala letu Nakuru ni asbesto. Nitoboe nipate mwanga?

Usitoboe, usikate, usisugue kwa brashi. Kanuni za taka za Kenya za 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Mpaka hapo, pata mwanga kwenye kuta za kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi jua litakupiga usoni asubuhi na jioni.

Vumbi la mbao lina madhara kweli, au ni woga wa wazungu?

Lina madhara. IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa mwaka 1995, na saratani yenyewe ni ya pua na matundu yake. Mvule huwasha macho na ngozi, mninga huwapa wengine pumu. Kitambaa usoni hakizuii vumbi laini la msasa. Nunua barakoa ya kweli, na kazi ya msasa ifanyie mlangoni upepo ukipita.

Maranda niyapeleke kwenye banda la kuku?

Ya msindano, mgrevilea au mkaratusi, peleka. Ya mbao za dawa, zile za kijani zilizopigwa dawa kiwandani, hapana. Nyingi ya dawa hizo zina shaba, kromu na aseniki. Usiwape kuku, usiweke bustanini, na usizipikie hata kama zimeshika moto vizuri, maana aseniki inabaki kwenye majivu na moshi. Weka magunia mawili karakanani, moja la maranda safi na jingine la haya, na uyaandike kwa rangi kubwa ili anayekuja kuchota asikosee.