Shija hajazaliwa: seva inapogoma kubuti kupitia mtandao

Seva tatu za aina moja, kabati moja, swichi moja ya mtandao. Ya kwanza ilibuti kupitia mtandao, yaani ikawaka kwa faili la mtandaoni badala ya diski yake, bila neno. Mbili zikagoma. Nilikaa nazo tangu saa nne asubuhi hadi kivuko cha Kamanga kilipowasha taa, nikibadilisha kila kitu isipokuwa kile chenye shida.

Ofisi siitaji. Ni hapa hapa Mwanza, kwenye mteremko wa kushukia ziwani, na kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi: futa kilichomo, sakinisha Linux upya kwa njia ya mtandao. Kijana niliyekuwa namfundisha kazi akaniuliza mapema sana, "Kaka, kama seva ya kubutishia ndiyo mbovu, hii moja imewezaje?" Nikamtuma maji. Swali lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyojiuliza mimi siku ile, ila sikuwa tayari kulisikia.

Kila seva ilikuwa na matundu mawili ya mtandao, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameyafunga pacha: nyaya mbili zinaingia kwenye swichi, lakini mfumo unaziona kama kadi moja iitwayo `bond0`. Hiyo kadi haishikiki. Ni kadi pepe, imeumbwa na Linux. Huku kwetu Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Tangu siku ile ndivyo ninavyofundisha: waya wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na `bond0` ndiye Shija.

Sasa, seva ikiwashwa na kuambiwa ibuti kupitia mtandao, Linux bado haipo. Anayeongea ni programu ndogo iliyo ndani ya seva yenyewe, inayofuata kanuni za PXE ambazo toleo lake la 2.1 lilitoka mwaka 1999. Programu hiyo inaongea kupitia Kulwa peke yake. Inaita mtandaoni kwa DHCP ipewe anwani na jina la faili, kisha inalivuta faili kwa TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha mafaili; anayejibu ni seva ya kubutishia. Shija hajazaliwa. Swichi, kwa upande wake, imeshaambiwa kwamba Kulwa na Doto ni mtu mmoja, na inatenda hivyo.

Kinachofuata kinategemea pacha walifungwaje. Kama ni kwa LACP, lugha ambayo seva na swichi hukubaliana nayo kwamba nyaya mbili ni njia moja, swichi inasubiri salamu za LACP kutoka kwenye seva, na programu ya kubuti haizijui salamu hizo. Kuna swichi zisipoamkiwa zinaifunga poti kabisa. Ni kama kuingia kwa mzee bila kusema mwangaluka, hata kiti hupewi. Hapo kumbukumbu za seva ya kubutishia zinabaki nyeupe, kwa sababu ombi halikufika.

Kama walifungwa kibabe, bila LACP, salamu haziulizwi. Swichi inagawa mzigo kwa hesabu inayofanya juu ya anwani za MAC (namba ya kila kadi) au IP, na hesabu ikiangukia upande wa Doto, jibu linapita kwa Doto. Taa ya Doto inawaka, kwa hiyo swichi inaamini yupo, kumbe hakuna anayesikiliza. Umemsindikiza mtu kwenda Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, unamsubiri gatini, naye amerudi kwa Daraja la Kigongo–Busisi. Mtasubiriana hadi usiku.

Na hilo ndilo lililokuwa jibu la yule kijana. Hesabu ni ile ile, lakini kila seva ina anwani yake ya MAC. Moja iliangukia kwa Kulwa, ikapona. Ya pili haikupata anwani kabisa. Ya tatu ndiyo iliyonichanganya zaidi: anwani ilipata, faili likakwama. Jibu la DHCP na data za TFTP zilihesabiwa tofauti, kila moja ikapita njia yake.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu chochote, chomoa Doto. Usiende kwenye mipangilio, nenda kwenye waya. Mimi nilichomoa jioni, seva zote zikabuti ndani ya dakika chache, na kufikia hapo nilikuwa nimeshasakinisha upya huduma ya DHCP mara mbili na kuharibu kilichokuwa kizima.

Kama seva iko Musoma na wewe uko Nyegezi, waya huufikii, basi sikiliza kutoka kwenye seva ya kubutishia:

`tcpdump -vni eth0 port 67 or port 68 or port 69`

Ukiona DISCOVER (ombi la anwani) inaingia, OFFER (jibu lake) inatoka, halafu DISCOVER ile ile inarudi tena na tena, jibu linapotelea njiani. Usipoona DISCOVER hata moja, poti imefungwa au VLAN, yaani mtandao mdogo uliogawanywa ndani ya swichi, siyo. Hili la VLAN husahauliwa: programu ya kubuti kwa kawaida inaongea bila lebo ya VLAN, kwa hiyo mtandao wa kubutia uwe ndio usio na lebo kwenye poti hizo.

Dawa ya kudumu ni LACP yenye ruhusa ya kuhudumia waya mmoja wakati salamu hazijafika. Kwenye Cisco Nexus ni `no lacp suspend-individual`, kwenye Arista ni `port-channel lacp fallback`, kwenye Juniper ni `force-up`. Ule ufungaji wa kibabe mimi siupendi hata kidogo, na pale nilipoukuta niliuondoa.

Halafu kuna sekunde mbili za kukera. Swichi yenye spanning tree ya zamani (kinga ya vifurushi kuzunguka bila mwisho) hukaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 ikijifunza, jumla 30, ndipo ifungue poti. PXE nayo, kwa kanuni zake, huita ikasubiri sekunde 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32. Maana yake wito wa mwisho unatoka kwenye sekunde ya 28. Mlango unafunguka mtu ameshaacha kubisha. Iambie swichi kwamba poti hizo ni za mwisho wa njia, zifunguke mara moja, na uliweke hilo kwenye pacha wenyewe.

Kwenye mashine pepe, kompyuta zilizoumbwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, naona watu wanatoa kadi pepe mbili "kwa usalama", zote zimening'inia kwenye daraja pepe moja ndani ya kompyuta moja. Sijui zinalindana na nini. Funga pacha kwenye kompyuta mama inayozibeba, mashine pepe ipe kadi moja. Ukilazimika kuacha mbili, utakutana na hili: Kulwa anabuti vizuri, kisha programu ya kusakinisha inaamka na kuomba anwani kupitia Doto, ambaye MAC yake haipo kwenye orodha yako. Ongeza `IPAPPEND 2` kwenye mipangilio ya pxelinux, faili lile linalovutwa na PXE, ili programu ya kusakinisha ipewe MAC ya kadi iliyobutia, na uandikishe MAC zote mbili.

Jozi nyingine ya kuangalia ni veth, kadi pepe za Linux ambazo huzaliwa pacha siku zote: ncha moja ndani ya kontena (chumba cha programu kilichotengwa ndani ya Linux), nyingine nje. Niliwahi kuweka DHCP ndani ya kontena, mashine pepe ikiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kubuti kulipita, kisha programu ya kusakinisha ya zamani ikaandika `5 bad udp checksums in 5 packets`. Kifurushi hakikugusa kadi halisi hata mara moja, na Linux ilikuwa imeiachia kadi kazi ya kujaza jumla ya uhakiki (checksum), namba ya kuthibitisha kwamba kifurushi hakijaharibika. Hakuna aliyeijaza. Ukichungulia, chungulia upande wa mpokeaji, maana upande wa mtumaji tcpdump hulalamika hata pale ambapo mambo ni mazima. Ndani ya kontena nikaandika `ethtool -K eth0 tx off`, usakinishaji ukaendelea. Amri hiyo inafutika kontena likiwashwa upya, kwa hiyo nimeiweka kwenye mipangilio ya kadi, mstari wa `post-up`.