Video fupi kwa mtoto wa gredi ya tano
Dada, umeuliza kama video za dakika tano zinafundisha au zinakula bando bure. Zinafundisha, lakini kaa naye. Mwanangu alitazama moja ya kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Nikaisimamisha katikati nikamwambia anieleze kwa maneno yake. Akakwama. Tukairudia, kisha jioni tukateremka gatini hapa Lamu kutazama bamvua, kwa kuwa mwezi ulikuwa mpevu: jua, dunia na mwezi vikikaa mstari mmoja, maji hujaa sana na hupwa sana. Babu yake mvuvi (huyo ndiye mwalimu haswa) akamwongezea habari za maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa kidogo na hupwa kidogo. Hapo ikamwingia. Hata mimi mtu mzima nimejifunza. Kwa hiyo moja kwa siku, mkaizungumze.