Ukihisi una ADHD, nenda kwa daktari na ushahidi

Siku hizi mtandaoni kila mtu ana ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya umakini na utulivu kuwa mgumu. Ukisahau funguo, ADHD. Ukianza kazi tano usimalize hata moja, ADHD. Sizidharau hizo video, kwani ndizo zilizonifanya nianze kujiuliza, tayari nikiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto. Ila video haijui kama juzi hukulala. Daktari anaweza kujua, mradi umpe cha kufanyia kazi.

Wengi tunakwama hapo. Unaulizwa, "Shida nini?" Unajibu, "Nasahau sana." Nani hasahau? Daktari mwenye foleni ndefu nje atakuandikia vitamini na kukuambia upumzike.

Vigezo wanavyotumia wataalamu wengi vinataka dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana sehemu zaidi ya moja, yaani kazini na nyumbani pia. Ukilijua hilo, hutashangaa kuulizwa habari za shule ya msingi wakati wewe umekwenda kulalamikia mambo ya ofisini.

Mimi nilikwenda na mama, maana ripoti zangu za shule zilishaliwa na mchwa. Alianza kwa kunitetea: "Huyu hakuwa mtundu kabisa, daktari, alikuwa mpole tu." Kisha akasimulia nilivyotumwa chumvi nikarudi na kiberiti, nilivyopoteza sweta za shule mpaka akachoka kununua, na walimu walivyomwambia mtoto ana akili ila yuko mbali. Daktari aliandika maneno ya mama zaidi kuliko yangu. Wasichana wengi hupitwa hivyohivyo: hawapandi juu ya madawati, basi hakuna anayewashtukia. Kama mzazi hayupo, dada mkubwa au shangazi aliyekulea anafaa sana.

Andika na matukio. "Mimi mvivu" haimsaidii daktari. "Nimechelewesha marejesho ya kikoba mara tatu na hela ilikuwepo kwenye simu" inamsaidia. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la watu wazima lenye maswali 18, na 6 ya kwanza ndiyo ya mchujo. Lijaze uende nalo, ila usijipe jibu kwa alama zake.

Usikasirike ukipelekwa maabara kwanza. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha ADHD. Vipimo ni vya kuondoa mengine: upungufu wa damu, tezi ya shingo, kukosa usingizi, sonona, wasiwasi uliopitiliza. Yote hayo huvuruga umakini. Kwa mtoto huangaliwa pia masikio, macho, na kile kifafa cha kuduwaa sekunde chache. Mimi nilikutwa na upungufu wa damu, nikatibiwa huo kwanza. Uchovu uliisha, kusahau hakukuisha, ndipo tathmini yenyewe ikaanza.

Pa kwenda papo. Dar es Salaam kuna hospitali ya Muhimbili, Dodoma kuna hospitali ya akili ya Mirembe, Nairobi kuna ya Mathari. Jina la Mirembe linatisha, najua; ukilitaja nyumbani wanadhani umechanganyikiwa. Nenda tu. Mikoani ulizia huduma za afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwanasaikolojia anaweza kukufanyia tathmini na kukufundisha mbinu za kuishi nayo, lakini dawa huandikwa na daktari. Na tafadhali, usimeze kidonge cha rafiki aliyetoka nacho Ulaya. Dawa za ADHD kama methilifenideti hupandisha presha na mapigo ya moyo, ndiyo maana hudhibitiwa, na daktari hukupima kabla ya kuandika.

Ukikutana na daktari anayecheka na kusema hayo ni maradhi ya Wazungu, tafuta mwingine. Lakini aliyekuuliza kwa kina, akakupima, akasema siyo ADHD, msikilize, kisha umuulize: basi ni nini?

Kabla hujatoka, uliza utajuaje kama tiba inakusaidia na urudi lini. Hiyo tarehe iweke kwenye simu na kengele yake ukiwa bado umekaa mbele ya daktari. Ukifika mlangoni imeshapotea.