Macho yanaingia giza nikiinama

SWALI: Nina miaka 31 na kilo 98, nauza dagaa Kirumba. Mwezi wa tatu sasa kichwa kinauma, na nikiinama kuchota dagaa macho yanaingia giza sekunde chache, kisha yanarudi. Usiku sikio linadunda kama moyo. Daktari wa macho alinitia matone, akasema neva zote mbili za macho zimevimba, niende hospitali ya Bugando nikapigwe picha ya kichwa. Lakini kibao cha herufi nasoma mpaka mstari wa mwisho, na presha ni 120/80. Kuna haja?
Msomaji, Igoma

JIBU: Nenda kesho, dada, usingoje mwisho wa mwezi. Presha uliyopimwa mkononi ni ya damu. Hapa tunahofia ya maji yanayouzunguka ubongo. Maji hayo hufuata ala ya neva mpaka nyuma ya jicho. Yakizidi nguvu, neva inafura pale inapoingia.

Kibao kisikudanganye. Ugonjwa huu hula kwanza pembeni, katikati ya jicho hubaki mwisho. Omba upimwe upana wa kuona: unaegemeza kidevu, unatazama nukta moja, unabonyeza kila mwanga unapowaka pembeni.

Picha hutangulia, kutafuta uvimbe ndani ya ubongo au damu iliyoganda kwenye vena za kichwa, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni (vena zinahitaji picha yake ya pekee). Ikiwa safi, utalazwa ubavu, sindano iingie kiunoni kupima maji. Presha hiyo hupimwa kwa sentimita za maji: 25 au zaidi ni juu. Sindano ikitangulia picha na kumbe kuna uvimbe, ubongo unaweza kusukumwa chini, na hilo linaua. Wataje pia doksisaiklini au vidonge vya chunusi vya jamii ya vitamini A kama umevitumia, maana navyo huleta hali hii.

Yote yakiwa safi isipokuwa presha ya maji, kisababishi kikubwa kwa mwanamke wa umri wako ni uzito. Dawa ni asetazolamaidi, mara nyingi ikianzia miligramu 500 asubuhi na jioni. Vidole vitachonyota na soda itakuwa kama iliyofunguliwa jana. Usiache dawa kwa hayo. Maumivu ya ubavuni au upele, rudi hospitali. Ukiwa na mimba, sema kabla ya kumeza.

Kupungua kilo 5 hadi 10 husaidia. Karibu 15 huweza kuulaza ugonjwa kabisa. Soda na chipsi ziondoke kwanza, ugali uwe ngumi moja, sato achemshwe badala ya kukaangwa.

Giza likija lisiondoke, au ukaanza kuona watu wawiliwawili, ni siku hiyohiyo, hata usiku.