Maswali ya wasomaji: Nyumba ya Anne Frank

SWALI: Mambo mhariri, nitapita Amsterdam kikazi, nataka kuona nyumba aliyojificha Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwakimbia Wanazi wa Ujerumani, naweza kutokea tu mlangoni nikakata tiketi?

JIBU: Poa, ila mlangoni hupati kitu, tiketi ni mtandaoni tu, zinatoka kila Jumanne kwa tarehe za wiki sita mbele na zinaisha chapchap. Ndani unapita nyuma ya kabati la vitabu lililoficha mlango, ngazi zimesimama hizo, wenye magoti mabovu mjipange. Watu 8 walijificha humo tangu 1942 hadi wakakamatwa 4 Agosti 1944. Usitegemee vitanda wala meza, vyumba ni vitupu, Otto, baba yake Anne, ndo pekee kati yao aliyetoka hai kwenye kambi za Wanazi, alitaka vibaki hivyohivyo, na mi naona alipatia kabisa. Picha hupigi.